Kabla ya Kufungua Grupu Jingine

Haya ni maandishi ya mada iliyotolewa Mombasa mbele ya vijana, kina mama na viongozi wa mitaa. Tumeyaweka hapa karibu kama yalivyosemwa, kwa wale walioomba.

Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu vijana, ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka Likoni na foleni ya feri mwaijua wenyewe, kwa hivyo sitawazungusha.

Mmeleta wazo. Mwataka mtandao ambao mtu wa Kisauni, wa Garissa, hata wa visiwani Lamu ataweza kuleta jambo lake kwa simu: kitambulisho kimekwama, shamba limeuzwa watu wakiwa ndani, kijana amechukuliwa usiku na hajulikani aliko. Na mwataka yote hayo yakikusanywa yatoe picha moja, na picha hiyo izae hatua. Mmoja wenu alinipigia simu akaniambia, "Tufungue grupu la WhatsApp tu, tuongeze watu, kazi iishe." Leo nataka tuliangalie hilo "tu".

Tuanze na maksai. Mwaka 1906, mjini Plymouth, Uingereza, kulikuwa na maonyesho ya mifugo, na maksai mmoja mnono akawekwa mbele ya watu wakisie: akishachinjwa na kutengenezwa, nyama yake itakuwa na uzito gani? Aliyetaka kukisia alinunua kikaratasi kwa peni 6, akaandika jina na makisio yake, akakirudisha. Walikuwemo wachinjaji na wafugaji, na walikuwemo waliofuata zawadi tu. Mwanasayansi mmoja kwa jina Francis Galton, ambaye hakuwa mtu wa kuithamini sana akili ya mwananchi wa kawaida, aliviomba vile vikaratasi baada ya mashindano. Vilivyofaa kuhesabiwa vilikuwa 787. Akavipanga kutoka uzito mdogo hadi mkubwa, akatazama kilicho katikati kabisa: ratili 1,207. Maksai alipopimwa alikuwa ratili 1,198. Wote pamoja wamekosea kwa ratili 9, haifiki hata asilimia 1. Mwaka uliofuata Galton akachapisha matokeo hayo katika jarida la Nature.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hii wakaishia hapo, kwamba wengi wana akili, takbir, twendeni nyumbani. Mimi nataka mkitazame kile kikaratasi. Kila mtu aliandika makisio yake mwenyewe. Hapakuwa na mchinjaji mkuu aliyepanda juu ya kiti akapaza sauti, "Mimi naona ratili 1,500, mwenye macho na aone!" Angepanda, wengi wangeandika 1,500, na wenye shaka wangenyamaza. Makosa ya watu yakiwa mbalimbali, huyu kazidisha na yule kapunguza, yanafutana. Yakiwa ni kosa moja lililoigwa na watu mia nane, halifutiki.

Hili nalo limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 144. Waliwauliza maswali ya hesabu ambayo majibu yake yapo lakini watu hawayajui kichwani, kisha wakawapa nafasi ya kubadilisha jibu mara kadhaa. Baadhi walionyeshwa majibu ya wenzao, wengine hawakuonyeshwa. Walioonyeshwa walianza kusogeleana. Majibu yakakaribiana, lakini hayakuukaribia ukweli zaidi. Na kilichonitia hofu mimi ni kwamba walizidi kujiamini. Wamekubaliana, basi wakaona wamepatia.

Sasa ingieni kwenye grupu lenu. Meseji inaingia saa kumi na mbili asubuhi. Wa kwanza kuandika ndiye anayeweka mwelekeo wa siku nzima. Wa pili anaweka kidole gumba. Wa tatu anaona wawili wamekubali. Mama mwenye habari tofauti, aliyekuwepo pale pale jambo lilipotokea, anafungua simu saa tano akiwa amemaliza kazi zake, anakuta meseji 140, anaona aibu kuanza kupinga watu wazima, anafunga. Habari ya pekee iliyokuwa na thamani imebaki kichwani mwake. Hakuna aliyemzuia kusema, ni chombo chenyewe tu kilivyojengwa.

Na usifikiri hasara yake ni kupitwa na habari tu. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani. Siku zilizofuata maelfu ya watu walikusanyika mtandaoni, kwenye Reddit hasa, wakachambua picha za umati kumtafuta mhalifu. Nia ilikuwa njema, wakati walikuwa nao, picha walikuwa nazo. Wakazungushia duara jekundu kila kijana mwenye begi mgongoni, na mnajua vijana wa sura gani waliozungushiwa zaidi. Mvulana wa miaka 17, mwenye asili ya Moroko, aliyekwenda kutazama mbio kama watu wengine, alijikuta picha yake iko ukurasa wa mbele wa gazeti la New York. Mwanafunzi mwengine aliyekuwa amepotea kwao alitajwa kuwa ndiye mlipuaji, familia yake ikaandamwa kwa simu na matusi. Baadaye mwili wake ulipatikana. Hakuhusika kwa lolote. Reddit wakaomba radhi hadharani, lakini radhi gani itamfikia maiti?

Wale watu hawakuwa wajinga. Kila mmoja alikuwa akitazama alichokitazama mwenzake, na mfumo ulipandisha juu kile kilichopendwa zaidi. Kupendwa na kuthibitishwa ni vitu viwili. Waliosoma madrasa walilijua hili kabla ya kompyuta kuja: elimu ya hadithi imejengwa juu ya sanad, nani kapokea kwa nani, walikutana wapi, na mpokezi huyu kumbukumbu zake zikoje. Meseji iliyofowadiwa mara kumi haina sanad. Ina miguu tu.

Hebu sasa tuje kwetu, kwa sababu chombo kimoja katika vyombo vinavyosomeshwa duniani kuhusu jambo hili kilizaliwa hapahapa Kenya. Mnakumbuka Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi inaungua na runinga inapiga miziki. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa na blogu yake, akaanza kuwaomba watu wamtumie wanayoyaona. Zikamiminika kuliko mtu mmoja anavyoweza kusoma. Mapema Januari akauliza hadharani: hakuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya haya mambo? Wakajitokeza, miongoni mwao David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich. Kwa siku chache tu ramani ikawa hewani, ikaitwa Ushahidi. Mtu alituma meseji ya kawaida au aliandika kwenye tovuti: kitu gani kimetokea, wapi, lini. Kikawekwa kama nukta kwenye ramani.

Angalieni tofauti na grupu. Anayetuma hajibizani na mtu. Taarifa ina sehemu zake: mahali, tarehe, aina ya tukio. Kwa hivyo taarifa mbili za watu wasiojuana kutoka mtaa mmoja zaweza kuwekwa ubavuni mwa nyengine zikalinganishwa, na taarifa zilipitiwa na macho ya mtu. Hicho ndicho kikaratasi cha maksai, kimetiwa ramani.

Miaka miwili baadaye, Januari 2010, Haiti ilipigwa na tetemeko. Ramani ile ile ikafunguliwa kwa ajili yao, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani wakakesha wakiishughulikia, na wananchi wa Haiti wakapewa namba 4636 watume meseji bure. Tatizo: meseji zilikuja kwa Kikrioli, na waokoaji wengi hawakijui. Wahaiti waliotawanyika ulimwenguni wakawa wanatafsiri mtandaoni, na wao ndio waliojua ule mtaa mdogo unaotajwa uko upande gani wa mji. Hii nukta ya lugha nawaomba muishike. Mkijenga fomu ya Kiingereza, mtapata malalamiko ya watu wanaojua Kiingereza, kisha mtasema Wakenya wameongea. Bibi wa Kiborana hana shida ya akili, ana shida ya fomu yenu. Mpeni namba arekodi sauti kwa lugha yake, kijana wake wa chuo ataandika.

Lakini sitaki kuwauzia Ushahidi kama dawa. Programu yao ilipofunguliwa kwa kila mtu, ramani kwa maelfu zilianzishwa duniani kote, na nyingi mno hazikufikisha hata taarifa 10. Mtu alifungua ramani Jumatatu, akaweka tangazo, akangoja. Hakuna aliyekuja, kwa sababu hakuna aliyejua akituma nini kitatokea. Watu hawatumi habari zao kwenye shimo. Hata kule Haiti kulikuwa na malalamiko ya aina hiyo: meseji nyingi ziliomba maji, chakula na mahali pa kulala, na aliyesoma meseji hakuwa ndiye mwenye lori la maji. Kwa hivyo kabla ya kuniuliza programu gani ni nzuri, nijibuni: taarifa ikiingia Jumanne, ni nani, kwa jina lake, atamjibu yule mtu kabla ya Ijumaa? Kama jina hilo halipo, tusinunue chochote.

Niipitie Wikipedia kwa haraka, kwa kuwa mwaitumia kila siku, walimu wenu wakiwakataza. Kabla yake, mwaka 2000, waanzilishi walijaribu kamusi elezo iliyoitwa Nupedia. Kila makala ilipitia hatua saba za wataalamu. Ilikufa ikiwa na makala zilizokamilika kama 25 hivi. Januari 2001 wakageuza mlango: yeyote aandike kwanza, kisha yeyote asahihishe. Kilichoizuia isiwe jalala ni mambo madogo ya ufundi. Kila badiliko linahifadhiwa na historia yake, aliyeharibu ukurasa ametumia dakika 5 na anayerudisha ule wa zamani anatumia sekunde 5. Fikirini soko ambalo kusafisha ni rahisi kuliko kuchafua, litakuwaje. Kwenye magrupu yetu ni kinyume: uongo unasambaa kwa kidole kimoja, na kuusahihisha kwahitaji uwapigie simu watu mia mbili.

Sasa nataka tukae kidogo Taiwan, kwa sababu hapo kuna swali gumu zaidi. Makisio ya uzito yana jibu moja sahihi. Lakini watu wanapogombana kuhusu sheria, hakuna mizani ya kuja kutuambia nani kapatia.

Machi 2014 wanafunzi wa Taiwan waliingia bungeni wakakaa humo zaidi ya wiki tatu kupinga mkataba wa biashara na China. Walipotoka, mafundi wa kompyuta waliokuwa wakishirikiana nao, katika kundi liitwalo g0v, wakatengeneza na serikali utaratibu wa kujadili sheria mtandaoni, ukaitwa vTaiwan. Mwaka 2015 wakaujaribu kwa ugomvi mmoja ambao hata nyinyi mwaujua: Uber dhidi ya madereva wa teksi. Walitumia programu iitwayo Polis. Unaandika kauli fupi, herufi 140 tu. Wengine wanaisoma na kubonyeza: nakubali, sikubali, napita. Hamna sehemu ya kujibu. Hamna! Ukiudhika na kauli ya mtu, la kufanya ni kuandika kauli yako iliyo bora zaidi, nayo ipigiwe kura. Wagomvi wanakosa pa kugombania.

Kisha kompyuta inachora watu: wanaokubaliana kwa mengi wanakaa pamoja. Palitokea makundi ambayo mngeyatarajia, walio upande wa teksi huku na wapenzi wa Uber kule. Ila programu ile haikuzipandisha juu kauli zenye kelele. Ilizipa uzito zile ambazo makundi yote yalizikubali. Watu wakaanza kutafuta maneno ambayo hata mpinzani atayabonyeza. Ikaonekana kwamba karibu wote wataka abiria awe na bima, dereva awe na leseni inayofaa, magari yasajiliwe, na teksi za zamani zisiwekewe masharti ambayo mgeni hayafuati. Mambo hayo yakaingia katika kanuni za serikali mwaka 2016. Sina haja ya kuwapamba: matokeo ya vTaiwan hayakuwa na nguvu ya kisheria, serikali ilikuwa huru kuyaacha, na hilo liliupunguzia utaratibu huo nguvu kadiri miaka ilivyokwenda.

Linganisheni na vikao vyetu. Katiba ya 2010 imetaja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, ikalilazimisha Bunge katika kifungu cha 118 na mabunge ya kaunti katika kifungu cha 196. Vizuri. Halafu twaitwa ukumbini, maikrofoni moja, masaa matatu, wanaume watano wale wale ambao nyote mwawajua wanaongea, kina mama wako nyuma wanasubiri soda, sahihi zinakusanywa, imeandikwa "wananchi walishirikishwa". Shura ya namna gani hiyo, ambapo mwenye kushauriwa hakufunua mdomo? Sisi tukijenga mtandao wetu kwa umbo la ukumbi ule, tutapata wanaume watano wale wale, ila sasa wana bando.

Mfano wa mwisho ni wa karibu. Uchaguzi wa Agosti 2022, tume iliweka fomu 34A za vituo 46,229 kwenye tovuti, mtu yeyote azisome. Lilikuwa jambo kubwa, watu walikaa majumbani wakijumlisha. Lakini kila runinga iliingiza namba zake yenyewe, kwa mpangilio wake, kwa mwendo wake. Kituo hiki chaonyesha huyu anaongoza, kile chaonyesha yule, na nchi nzima roho juu, ilhali wote wanasoma fomu zile zile. Kuweka data wazi ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, kuigawa kazi ili vikundi viwili visome fomu moja bila kuonana, na pakitofautiana asome wa tatu, hiyo haikuwa na mwenyewe.

Basi yetu tuifanye vipi? Maoni yangu ni haya, nanyi mtayapinga.

Tuanze na vitambulisho peke yake, katika wadi moja. Kwa nini vitambulisho? Kwa sababu vina tarehe. Kila mtu anajibu peke yake, kwa meseji ya kawaida au kwa sauti, simu ya kibonyezo pia ifae: uliomba lini, ulipata lini au bado, uliambiwa ulete karatasi gani za ziada, uliitwa mbele ya kamati au hukuitwa. Asione majibu ya wengine kabla ya kutuma yake. Mkipata watu mia nne waliojibu hivyo, mtazipanga siku zao za kungoja kama Galton alivyopanga vikaratasi, mtatazama katikati. Kisha mtapeleka ofisini namba, na pembeni yake namba ya wadi nyengine. Afisa amezoea kujibu hadithi ya mtu mmoja, atasema huyo ni mmoja. Namba ya watu mia nne ambao hawajuani itamlazimu atafute jibu jengine.

Kila taarifa isomwe na wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Ikifika, mtumaji apate meseji kwamba imefika, na baadaye apate nyengine kwamba imefanyiwa nini, hata kama ni "bado". Tukikosea, sahihisho lionekane mahali pale pale kosa lilipoonekana. Na majina na namba za simu za watu zikae mbali na taarifa zenyewe, zishikwe na watu wawili wanaojulikana, kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Sisi twawalaumu wengine kwa kuchezea habari zetu, tusije tukawa wao.

Sasa hili la vijana waliochukuliwa. Hapa nitawavunja moyo baadhi yenu. Lisiingie kwenye ramani, lisiingie kwenye fomu ya wazi, lisiingie kwenye grupu. Ramani inayoonyesha shahidi anaishi wapi, wa kwanza kuifungua ni yule anayemtafuta shahidi huyo. Mambo hayo yaende kwa mtu mmoja, ana kwa ana, na mtu huyo ampeleke mama kwa wakili. Kule hatuhitaji akili ya wengi. Twahitaji mdomo wa mmoja uliofungwa.

Gharama yake si kubwa kama mnavyodhani, namba fupi ya meseji ndiyo itakayokula pesa zaidi, na twaweza kuanza na namba ya kawaida. Kinachokosekana ni watu sita wa kusoma, zamu mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu. Karatasi ya kujiandikisha iko pale mezani. Nimeiona tayari ina majina manne, yote ya kina dada.

Haya, maswali. Naanza na yule mama karibu na mlango, halafu mzee mwenye kofia.